Kusoma sekondari na chuo kwa wakati mmoja: mwanafunzi wa Singida anapata nini hasa?

Wanafunzi walioingia Kidato cha Kwanza Januari 2024 kwenye mkondo wa amali watafanya mtihani wa Kidato cha Nne mwishoni mwa mwaka 2027. Hao ndio wa kwanza kumaliza sekondari chini ya mtaala mpya, na tangu mwanzo wameambiwa watatoka na vyeti viwili kwa miaka ileile minne: kimoja cha NECTA, kingine cha ufundi stadi.

Kwa mzazi wa Ikungi, Mkalama au Manyoni swali ni moja tu. Hicho cheti cha pili kinampunguzia mtoto safari ya chuo, au akifika chuoni ataambiwa aanze upya kama wenzake?

Jibu fupi: inategemea anaelekea wapi. Kwa wengine kinaokoa miaka, kwa wengine hakiokoi hata muhula mmoja. Tuangalie kwa nini.

Wenzetu Marekani wanafanyaje?

Kule mwanafunzi wa sekondari anaweza kusoma somo la chuo akiwa bado shuleni, na alama zake zikaandikwa sehemu mbili: kwenye ripoti ya shule na kwenye rekodi ya chuo. Mwalimu wa chuo anaweza kuja shuleni, au mwalimu wa shule mwenye sifa anaidhinishwa na chuo kufundisha somo hilo, au mwanafunzi mwenyewe anakwenda chuoni siku kadhaa kwa wiki. Wengine wanasoma kwa mtandao.

Jimbo la Minnesota lilipitisha sheria yake mwaka 1985, na huko serikali ya jimbo ndiyo inayolipa ada ya masomo hayo. Katika mwaka wa masomo 2022–23 karibu wanafunzi milioni 2.5 wa sekondari Marekani walisoma angalau somo moja la chuo kwa njia hii. Kwa hiyo mtu anamaliza sekondari na siku ya kwanza chuoni tayari ana muhula mmoja au hata mwaka mzima aliokwisha kuusoma.

Ila hata kwao kuna kero. Chuo kilichosaini makubaliano na shule yako kinakubali alama zako, lakini chuo kingine unachokwenda baadaye kinaweza kuzikataa au kuzihesabu kama za ziada tu. Mtoto kasoma, kafaulu, halafu anaambiwa rudia. Shika hilo, kwa sababu hata sisi linatuhusu.

Tanzania hakuna utaratibu wa kitaifa wa namna hiyo. Mwanafunzi wa Kidato cha Sita pale Mwenge Sekondari hawezi kuvuka barabara akasome somo moja chuoni likaandikwa kwenye rekodi yake ya shahada. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ina utaratibu wa kuhamisha krediti, lakini huo ni wa mtu ambaye tayari ni mwanafunzi wa chuo kikuu na anahamia kingine.

Krediti ni nini, kwa lugha ya kawaida?

Ni kipimo cha kazi aliyofanya mwanafunzi. Kwa mfumo wa vyuo vyetu, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, ikiwemo darasani, karakana, mafunzo kazini na hata muda wa kujisomea mwenyewe. Mwaka mmoja wa Astashahada ya Awali, ile wanayoita NTA ngazi ya 4, ni krediti zisizopungua 120. Piga hesabu: saa 1,200. Shahada ya miaka mitatu ni krediti zisizopungua 360.

Sasa chukua mwanafunzi wa amali. Tuseme anakaa karakana saa 8 kwa wiki, wiki 38 kwa mwaka, miaka minne. Hizo ni saa 1,216. Kwa saa peke yake, kijana huyo amefanya kazi ya mwaka mzima wa chuo.

Mbona basi asipewe huo mwaka? Kwa sababu krediti ina vitu viwili: saa na ngazi. Saa za kujifunza kushika msumeno Kidato cha Kwanza hazilingani na saa za kupiga hesabu ya mzigo wa boriti kwenye NTA 4. Hapo watu wengi mtaani wanachanganya mambo, na baadhi ya wanaotangaza vyuo wanapenda tuendelee kuchanganya.

Ngazi zenyewe zimepangwa kama ngazi za nyumba. Chini kabisa ni vyeti vya ufundi stadi, NVA ngazi ya 1, ya 2 na ya 3. Hizo ndizo VETA wanazofundisha. Juu yake inakuja NTA 4, ambayo ni Astashahada ya Awali, halafu NTA 5, halafu NTA 6 ambayo ni Stashahada, au diploma kama tunavyoiita wote. NTA 7 na 8 zinakupeleka kwenye shahada.

Zamani ngazi za chini zilikuwa chini ya VETA na za kati chini ya NACTE, kila mmoja na kitabu chake. NACTE ilipobadilishwa kuwa NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, zote zikawa chini ya baraza moja. VETA imebaki na kazi ya kufundisha. Kwa mwanafunzi wa amali hili ni jambo kubwa kuliko linavyosikika: anayesimamia cheti chake cha ufundi cha shuleni ndiye huyohuyo anayesimamia diploma atakayoiomba baadaye.

Mkondo wa amali uko vipi?

Unatokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023. Sera hiyo imeifanya elimu ya lazima kuwa miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari, na ikaigawa sekondari mikondo miwili: wa jumla na wa amali. Utekelezaji ulianza Januari 2024 kwa shule chache zenye uwezo, za serikali na za binafsi.

Mwanafunzi wa amali anasoma masomo machache ya jumla kama Hisabati, Kiingereza, Historia ya Tanzania na Maadili na elimu ya biashara, kisha anachukua fani: umeme, ujenzi, ufundi mitambo, ushonaji, kilimo na ufugaji, TEHAMA na nyinginezo, kulingana na shule ilivyo na vifaa.

Wazee wataguna hapa. Wanakumbuka michepuo ya miaka ya 1970, baada ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, shule zilipokuwa na mchepuo wa kilimo, wa ufundi, wa biashara na wa sayansi kimu. Wana haki ya kuguna. Karakana nyingi za wakati ule zilizeeka bila vifaa, na mchepuo wenyewe haukuwa na cheti cha pili. Ulimaliza na cheti kilekile cha Kidato cha Nne kama mwenzako aliyesoma Historia na Jiografia. Tofauti ya sasa ndiyo hiyo ya cheti. Kwa hiyo kitu cha kukikagua si jina la fani lililoandikwa kwenye lango la shule, bali ni kama shule imesajiliwa kutoa hicho cheti na ina karakana ya kukitolea.

Kinaokoa miaka au hakiokoi?

Hapa ndipo pa kukaa na kalamu. Kuna wanafunzi wa aina tatu.

Wa kwanza anataka kazi ya mikono au VETA. Huyu ndiye anayefaidi zaidi. Kwa kawaida aliyemaliza Kidato cha Nne mkondo wa jumla akienda VETA Singida kusomea umeme anaanza ngazi ya 1, anapanda ya 2, kisha ya 3. Ni miaka. Mwenzake wa amali aliyetoka na cheti cha NVA cha fani hiyohiyo hana sababu ya kukaa tena kwenye ngazi aliyokwisha kuivuka. Ada ya kozi ndefu za VETA kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa kutwa na 120,000 kwa bweni, kwa hiyo si ada peke yake inayookolewa. Ni chakula, chumba cha kupanga mjini, na mwaka ambao kijana angekuwa tayari anaingiza chochote nyumbani.

Wa pili anataka diploma. Kwa huyu faida ni ndogo kuliko anavyodhani. Mlango wa NTA 4 kwa kozi nyingi unafunguliwa na ufaulu wa masomo manne Kidato cha Nne, kuanzia D, bila kuhesabu masomo ya dini. Mwenye D nne za mkondo wa jumla na mwenye D nne za amali wote wanaingia NTA 4, na wote watakaa miaka mitatu hadi diploma. Cheti cha ufundi kinamsaidia zaidi yule ambaye masomo hayakufika manne: kozi kadhaa za ufundi kwenye mwongozo wa udahili zinakubali mwenye NVA ngazi ya 3 pamoja na cheti cha Kidato cha Nne. Kwa mtoto mwenye mikono mizuri ambaye Hisabati ilimshinda, huo ni mlango ambao kaka yake hakuwa nao.

Wa tatu anataka shahada. Huyu asikilize vizuri, kwa sababu hapa kuna krediti ya kimyakimya ambayo watu hawaiiti krediti.

Aliyemaliza Kidato cha Sita na kupata angalau principal moja na subsidiary moja, akienda diploma anaanzia NTA 5 kwenye kozi nyingi. Anarukishwa mwaka mzima wa NTA 4. Miaka miwili ya Kidato cha Tano na Sita imehesabiwa kuwa sawa na mwaka mmoja wa chuo. Huo ndio mfano wetu wa karibu zaidi na ule wa Marekani, na upo siku zote.

Sasa linganisha njia mbili za kufika shahada ya miaka mitatu baada ya Kidato cha Nne. Njia ya Kidato cha Sita ni miaka 2 na 3, jumla 5, ukipata principal mbili zinazotakiwa. Njia ya chuo ni mwaka 1 wa NTA 4, miaka 2 ya diploma, kisha 3 ya shahada, jumla 6, na diploma iwe na GPA isiyopungua 3.0.

Kwa nini njia ya chuo ni ndefu? Kwa sababu mwenye diploma akiingia shahada anaanza mwaka wa kwanza, benchi moja na aliyetoka Kidato cha Sita. Kasoma uhasibu miaka mitatu, anakaa tena kusikiliza mara mbili za debiti na krediti, hizi za vitabu sasa. Kama kuna mahali nchi yetu inapoteza muda wa vijana bila sababu ya kueleweka, kwa maoni yangu ni hapo.

Na si kwamba wazo la kusamehe masomo ni geni kwetu. Bodi ya wahasibu, NBAA, humsamehe mwenye shahada baadhi ya mitihani ya CPA kwa sababu alishasoma mambo hayo chuoni. Wahasibu wameweza, na wao hawajulikani kwa kugawa vitu bure.

Pamoja na hayo njia ya chuo ina faida yake. Ukikwama katikati una kitu mkononi. Kijana aliyeishia mwaka wa pili wa shahada kwa kukosa ada, kama alipita Kidato cha Sita, anarudi nyumbani na cheti cha Kidato cha Sita. Aliyepita njia ya chuo anarudi na diploma. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo pia inatoa mikopo kwa diploma za fani za kipaumbele, kwa hiyo ile hesabu ya zamani kwamba mkopo ni wa shahada tu imebadilika.

Singida ina nini cha kuanzia?

Ina zaidi ya watu wanavyofikiri. Mjini Singida kuna VETA ya mkoa, kampasi ya Chuo cha Uhasibu Tanzania, TIA, kituo cha Chuo Kikuu Huria na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Iramba kuna Chuo cha Ualimu Kinampanda. Mkalama kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Msingi. Umbali kati ya shule na chuo kwa pale mjini ni nauli ya bodaboda.

Kazi nazo zipo. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda kwenda Tanga linakatiza mkoa huu, kipande cha SGR cha Makutupora hadi Tabora kinapita Manyoni na Itigi, na Ikungi kuna mgodi wa dhahabu. Lakini ujenzi huisha. Bomba likishafukiwa, welda wa bomba anatafuta bomba lingine. Alizeti haiishi: kila msimu mashine za kukamua mafuta zinaharibika, mota zinaungua, na mwenye mashine anatafuta fundi wa kweli, si wa kubahatisha. Kama ningekuwa nachagua fani kwa mtoto wa Singida ningeangalia mashine zilizopo barabarani kabla ya kuangalia matangazo ya miradi mikubwa.

Na ushirikiano wa shule na chuo kwa mkoa kama huu si jambo la kusubiri bajeti kubwa. Karakana ya VETA ina vifaa ambavyo shule moja haiwezi kununua. Mwanafunzi wa mkondo wa jumla aliyesoma Book Keeping na Commerce miaka minne anaingia TIA na kuanza tena na maana ya debiti. Kinachotakiwa ni makubaliano ya maandishi: somo hili, kwa kiwango hiki, likipimwa na mtu huyu, chuo kitalihesabu. Chuo kikipima chenyewe hakina hofu ya kudanganywa alama, na NACTVET ina kitu cha kuidhinisha.

Wanaosoma vyote kwa pamoja tayari wapo

Watu hawawazungumzii sana kwa sababu si watoto wa sare. Ni mabinti na wanawake vijana walioacha shule, wengi kwa mimba, ambao wako kwenye Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi.

Vyuo hivi vilianzishwa mwaka 1975 kwa mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, na viko 54 nchini. Kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, inayosimamiwa na shirika la Karibu Tanzania kwa kushirikiana na serikali, binti anasoma masomo ya sekondari kwa miaka miwili badala ya minne na wakati huohuo anajifunza fani: ushonaji, umeme, upishi, kilimo, ufundi magari. Kuna pia stadi za maisha na ujasiriamali. Vyuo vina sehemu ya kulelea watoto, kwa hiyo mama anaingia darasani na mtoto yuko hatua chache tu kutoka alipo.

Mtihani anaufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea. Asiyewahi kufaulu mtihani wa Kidato cha Pili anaanza na Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, ndipo anaruhusiwa kufanya Kidato cha Nne. Cheti anachopata ni kilekile cha NECTA. Hakiandikwi kwamba alikuwa mama.

Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba aliyeacha shule kwa mimba anaweza kurudi kwenye shule ya kawaida, na akapewa muda wa miaka miwili wa kufanya hivyo. Huo ulikuwa uamuzi mkubwa. Lakini miaka miwili inapita haraka kwa mtu anayelea, na si kila binti anataka kurudi kukaa dawati moja na wadogo zake. Tuseme ni binti wa Ilongero aliyejifungua akiwa Kidato cha Pili na mtoto sasa ana miaka mitatu. Kwa shule muda umempita. Kwa chuo cha wananchi mlango uko wazi, na akitoka ana sekondari na fani.

Nadhani hawa ndio wanaotuonyesha kwamba jambo linawezekana. Chuo kimoja, ratiba moja, vyeti vya aina mbili, na miaka imebanwa kwa sababu mtu mzima hana muda wa kupoteza. Ajabu ni kwamba tumeliweza kwa walioachwa nyuma kabla ya kuliweza kwa walioko shuleni.

Miezi saba ya kusubiri

Kuna muda mwingine unaopotea kila mwaka na hauhitaji sera mpya. Kidato cha Nne wanamaliza mtihani Novemba, matokeo yanatoka Januari, Kidato cha Tano kinaanza Julai. Zaidi ya miezi saba kijana yuko nyumbani.

Wengi wanapelekwa kozi fupi za kompyuta, udereva au umeme wa majumbani. Ni vizuri, ila jua unachonunua. Kozi fupi inakupa ujuzi, haikupandishi kwenye ngazi za NVA. Ukimpeleka mtoto kwa sababu atajua kufunga taa nyumbani, hela yako haijapotea. Ukimpeleka kwa sababu umeambiwa "ataanzia mwaka wa pili chuoni", umepigwa.

Kipindi hichohicho ndipo vipeperushi vinapozagaa: anza chuo sasa, matokeo utaleta baadaye. Fikiria vizuri. Kama matokeo yakija bila ufaulu unaotakiwa, NACTVET haitamtambua kwenye kozi hiyo. Atakaa darasani mwaka mzima, atalipa ada, na cheti hakitatoka.

Cha kufanya miezi hiyo ni kushughulika na Selform. TAMISEMI inapopanga wanafunzi haipangi Kidato cha Tano pekee, inapanga na vyuo vya elimu ya ufundi. Baada ya matokeo kunafunguliwa muda wa kubadilisha machaguo mtandaoni, na watoto wengi hawaugusi. Wanabaki na tahasusi waliyoijaza Kidato cha Nne wakati hawajui hata watapata nini. Simu ile unayosomea makala hii inatosha kufanya mabadiliko hayo.

Ukienda shuleni au chuoni, uliza haya

Kwa shule ya amali: fani hii imesajiliwa? Cheti cha ufundi kitakuwa NVA ngazi ya ngapi? Usikubali jibu la "cheti cha serikali". NVA 2 si NVA 3, na tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama kozi ya diploma itamkubali mwenye masomo pungufu. Uliza mwalimu wa fani yupo au anasubiriwa. Omba kuiona karakana, na uangalie kama mashine zina mafuta mikononi au vumbi.

Kwa chuo: uliza mtoto wangu ataanzia ngazi gani, na wakuonyeshe imeandikwa wapi. Mwongozo wa udahili wa NACTVET unatoka kila mwaka na uko kwenye tovuti yao bure, pamoja na orodha ya vyuo vilivyosajiliwa. Kama chuo kinasema kitu na mwongozo unasema kingine, fuata mwongozo.

Na kwa mwenye diploma anayekwenda shahada, namba ya uhakiki ya tuzo, AVN, ndiyo inayotakiwa kwenye maombi. Iombe mapema. Watu wamekosa udahili wakiwa na GPA nzuri kwa sababu ya namba hiyo tu.

Kinachokuja 2028

Mtaala mpya ulianza mwaka 2024 kwa darasa la tatu pia. Watoto hao wanamaliza msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao wa mtaala wa zamani wanamaliza darasa la saba. Januari 2028 madarasa mawili yanaingia Kidato cha Kwanza kwa pamoja, na kila mtoto atatakiwa kuchagua: jumla au amali.

Wakati huo wale wa kwanza wa amali watakuwa wanasubiri matokeo yao ya Januari. Mzazi wa Kidato cha Kwanza wa 2028 anaweza kuwatafuta hapo kijijini na kuwauliza wenyewe walichopewa, na chuo kimewapokea ngazi gani.